Haula na Mabadiliko Elfu Nane

Mwaka 2012, gesi ilipokuwa imekwisha kugunduliwa chini ya bahari ya Palma, meli za utafiti hazikuisha kupita mbele ya mji. Nyingine zilikokota nyuma nyaya za kupimia, ndefu kuliko mwendo wa saa moja kwa miguu. Meli ya namna hiyo haiwezi kusimama ghafla wala kukata kona, na wavu ukiikuta njiani ndio umekwenda. Kwa sababu hiyo chama cha wavuvi kilifunga kipokezi kidogo juu ya paa la ofisi yake. Meli kubwa hutangaza kwa redio mahali zilipo. Kipokezi kilizinasa habari hizo kikazileta kwenye kompyuta, nayo ikazichora kwenye ramani.

Aliyeisimamia kompyuta hiyo ni Haula, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyesomea informática, yaani elimu ya kompyuta, mjini Nampula kisha akarudi kwao. Kila asubuhi aliwapigia simu manahodha wa Palma na wa kijiji jirani cha Olumbi, akawaeleza meli ziko wapi. Nao walimwamini kama mtu aaminivyo macho yake mwenyewe.

Siku moja umeme ulipanda ghafla, kompyuta ikaungua. Chama kikapata nyingine mpya, na Haula akaiwekea mfumo mpya. Hata wiki mbili hazijaisha, alimwambia Sufo, nahodha wa Olumbi, kwamba meli ya nyaya iko mbali kaskazini. Sufo akatia jarife lake, wavu alioushona na nduguze kwa miezi minne. Jua lilipopanda, meli ikatokea mbele yao. Waliwahi kukata kamba wakajiokoa, lakini jarife likaburutwa lote.

Sufo alifika ofisini mchana ule ule, nguo zikiwa bado zimelowa.

"Dada Haula," alisema kwa sauti ya chini, "chomboni mwangu mna watu sita. Leo ningewarudishia nini mama zao?"

Haula aliigeukia kompyuta. Alitazama ramani: meli bado ilikuwa imechorwa kaskazini, pale pale ilipokuwa tangu jana. Picha ilikuwa imeganda, na yeye hakujua. Maneno ya Sufo yalimchoma kama mwiba wa samaki taa.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Mwinyimadi, alimwita fundi kutoka mji wa Pemba, kusini mwao, jina lake Lourenço. Fundi alikigeuzageuza kipokezi, akasema kimezeeka, kitupwe. Lakini Haula alijaribu jambo moja kabla ya kukubali. Aliiwasha kompyuta kwa kiini cha zamani cha mfumo, yaani ile programu mama inayoendesha mashine yote, toleo lile lile lililokuwa kwenye kompyuta iliyoungua. Kiini hicho hakikukijua kioo kipya, kwa hiyo ramani haikuchoreka; ila namba za meli zilimiminika siku nzima bila kukatika. Kipokezi kilikuwa kizima. Kilichougua ni kiendeshi chake, yaani ile programu ndogo ndani ya kiini inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Kati ya kiini cha zamani na kipya, mtu fulani alikuwa amebadilisha kitu.

Kamati ilipokutana, wengi walitaka kazi ile ifungwe. Haula aliomba hadi mwisho wa mwezi. Mzee Mwinyimadi akamuuliza ni mabadiliko mangapi yaliyofanywa kati ya viini hivyo viwili. Aliposikia ni elfu nane, alitikisa kichwa.

"Utazeeka humo, mwanangu."

"Sitayasoma yote, babu. Nitayakata katikati. Nikijaribu pale katikati pakawa pazima, kosa liko mbele. Pakiwa pabovu, liko nyuma. Kisha nitaikata tena nusu iliyobaki. Mara kumi na tatu tu nitalifikia."

Akapewa muda. Haula alijifunga kibwebwe. Asubuhi aliwasha kiini cha zamani, akasoma namba moja moja na kuzitia kwa penseli kwenye ramani ya karatasi, ili walau wachache waliokuwa bado wakipokea simu yake wasikose habari. Sufo hakupokea. Baada ya hapo alijenga kiini cha majaribio, kazi ya saa tatu, akakiwasha, akangoja aone kama picha itaganda, kisha akaandika kwenye daftari: kizima, au kibovu. Alikuwa kama achambuaye mchele wa karamu, asiyeruka hata punje.

Siku ya saba alifika mwisho. Badiliko moja lililobaki lilimtazama kwenye kioo, naye akabaki ameduwaa. Lilihusu vitufe vya aina ya kompyuta ambayo Palma nzima haikuwa nayo. Halikuweza kuwa ndilo. Siku saba zilikuwa zimekwenda na maji, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi. Haula aliifunga ofisi, akaenda nyumbani, akalala mchana kutwa kama mgonjwa.

Kesho yake alirudi na daftari. Alijiambia kwamba mashine haisemi uongo. Basi jibu moja kati ya yale kumi na matatu aliliandika vibaya. Aliyapitia taratibu hadi akafika la tano. Alikuwa ameandika "kizima", na pembeni: "meli nne ghubani". Hapo akatua. Siku ile meli zilikuwa nyingi, zikisema bila kupumzika. Je, kama ugonjwa huja pale tu bahari inaponyamaza?

Aliichomoa antena ya kipokezi ili meli zisisikike, akangoja dakika kumi, akairudisha. Kiini kile alichokiita kizima kiliganda papo hapo. Haula alicheka peke yake.

Akaanza upya kutoka hatua ya tano, safari hii akiichomoa antena kila mara. Siku ya nne alilipata: badiliko la mistari sita. Mtu alitaka kuokoa umeme, akaamuru kifaa kilazwe kinapokaa kimya. Kipokezi kililala, na hapakuwa na wa kukiamsha.

Haula aliwaandikia watunzaji wa kiendeshi, walioko nchi za mbali, akiwaeleza kila hatua. Baada ya siku tatu walijibu kwa adabu, wakakiri kosa, wakamtumia marekebisho ayajaribu. Alipowathibitishia kwamba yamefaa, waliyaingiza kwenye kiini kinachotumika duniani kote, na chini yake wakaandika jina la aliyeligundua kosa: Haula, wa Palma.

Lakini furaha yake kubwa haikuwa hiyo. Mzee Mwinyimadi alimleta Sufo ofisini. Haula alichomoa antena mbele yake, wakangoja wote watatu dakika kumi, kisha akairudisha. Meli moja ikajitokeza kwenye ramani, kisha ya pili, na ile ya nyaya ikiwa mashariki, ikisogea. Sufo aliinama karibu na kioo, akaitazama kwa muda mrefu.

"Basi kesho asubuhi nipigie," alisema. "Ndugu zangu wamemaliza kushona jarife jipya, dogo kuliko lile."

Haula alimpigia alfajiri, naye akapokea. Jioni ile Mzee Mwinyimadi alipowasimulia wanakamati habari za zile hatua kumi na tatu, na za kuanza upya, hakuna aliyebisha alipomaliza kwa kusema: atafutaye hachoki, na akichoka keshapata.