Mwonja Chumvi

"Hata mwonja chumvi huenda kafunga."

Bi Tausi aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye mbuzi ya nazi, wakati mjukuu wake Salha akimfokea mwanawe kwa kumwaga tui. Wasichana waliokuwa wakimenya magimbi wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akakung'uta machicha mkononi. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Pangani palikuwa na mwanamke akiitwa Mwantumu, mke wa Shaibu seremala. Moyo wake ulikuwa mwema, ila Ramadhani ikiingia hasira zake zilikuwa moto wa vifuu, haukawii kuwaka. Kila daku alinuia subira. Ikifika alasiri, kichwa kinagonga, moshi umejaa machoni, nia ile haionekani ilikokwenda.

Siku moja akapata habari kwamba mavyaa wake, Bi Kibibi, mamaye Shaibu, angekuja kufuturu kwake pamoja na wanawake wa ukoo. Mwantumu akaingiwa na baridi. Tangu arusi, Bi Kibibi alikuwa na neno lake kwamba mkono wa mkaza mwanawe haujui chumvi. Leo, Mwantumu aliapa moyoni, neno lile litakufa.

Sasa, wapo wasemao kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu funga, lakini wanawake wa mtaa ule hawakuthubutu. Kila nyumba ilikuwa na mwonja chumvi wake, mtoto ambaye bado hajaanza kufunga. Wa Mwantumu alikuwa binti yake Hidaya, aliyekuwa na pengo la mbele kwa jino lililong'oka juzijuzi. Mtoto huyo alikuwa amekwisha omba mara nyingi afunge kutwa nzima kama wakubwa, na kila mara akaambiwa angoje akue.

Mwantumu akatia chumvi kwenye chungu cha magimbi, akatoka mbio kufukuza kuku kwenye unga ulioanikwa, akarudi, akatia tena. Hakukumbuka. Akamwita Hidaya na kumpa upawa. Mtoto akageukia mlangoni, akaupeleka mdomoni, akaurudisha.

"Iko sawa, mama."

Jua likazama, adhana ikasikika, wageni wakasogea mkekani. Bi Kibibi akafungua kwa tende, akamega gimbi, akatafuna polepole, kisha akanyoosha mkono kwenye kata ya maji.

"Mwanangu," akasema kwa upole mtupu, "bahari umetuachia kidogo, au yote umeimaliza humu?"

Wanawake wakainamisha nyuso kuficha vicheko. Mwantumu alihisi masikio yanawaka. Ukingoni mwa mkeka akamwona Hidaya, amekaa kitako kama mtu mzima, tende kiganjani, midomo ikimchezacheza kwa dua. Mama akakipiga kile kiganja. Tende ikaruka, ikaangukia mchangani.

"Kutwa unakula. Kazi yako ni kuonja tu, nayo imekushinda. Ondoka hapa, mwongo wewe. Hapa ni pa waliofunga."

Hidaya hakulia. Aliinuka, akaingia ndani.

Wageni wakala tambi na uji, mazungumzo yakawa ya kuokoteza. Mwantumu akaingia jikoni kuchukua vikombe, na nyuma ya mtungi akaona kawa. Akaifunua. Chini yake palikuwa na wali na samaki aliyompakulia Hidaya adhuhuri. Haukuguswa hata punje. Sisimizi walikuwa wamekwisha jipangia njia. Kando ya mtungi ameketi Hidaya, kata tupu mapajani.

"Hukula mchana?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Toka lini?"

"Toka daku. Niliamka nikanywa maji, nyinyi hamkuniona." Akaigeuza kata mapajani. "Nilikuwa nataka nikae na nyinyi mkekani, halafu ndio niseme."

Mwantumu akapiga magoti. "Njoo, mwanangu. Njoo ufungue pamoja nasi. Tende ziko."

"Nimeshafungua, mama," Hidaya akasema. "Kwa maji."

Mwantumu aliyajua makosa yanayotengenezeka. Chungu kilichozidi chumvi huongezwa tui. Lakini funga ya kwanza ya mtu hufunguliwa mara moja tu, na ya mwanawe ilikuwa imefunguliwa gizani, peke yake, nyuma ya mtungi.

Bi Kibibi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akamwambia mkaza mwanawe kwamba kosa hilo wamelipika wawili, maana kuni zilitoka ulimini mwake yeye mavyaa, kwa lile neno lake la chumvi. Kisha akasema polepole, "Kumbe hata mwonja chumvi huenda kafunga. Nasi hatukumuuliza."

Wageni wakaondoka na neno hilo, likaenea mtaa hadi mtaa. Hidaya akakua, akafunga Ramadhani nyingi. Lakini adhana ilipolia, alikuwa husimama ukingoni mwa mkeka na kungoja. Mwantumu akawa humwita kwa jina, kila jioni, mpaka uzeeni, na kila alipomwita aliiona tende ile mchangani.

Bi Tausi akarudia nazi yake. Wasichana hawakucheka tena. Salha alitazama tui lililomwagika, kisha mwanawe aliyejibanza ukutani. Akachuchumaa mbele yake.

"Hebu niambie, baba," akasema taratibu. "Ulikuwa unalipeleka wapi?"

"Kwako," mtoto akajibu. "Ulisema umechoka."

Salha akamvuta kifuani. Bibi ndiye aliyelisema neno lile, kwa sauti ndogo, kama anayejisemea mwenyewe: hata mwonja chumvi huenda kafunga.