Joho la Sultani Katika Ngwe ya Matikiti

Hapo zamani, kunguru walipokuwa bado na haya, palikuwa na mji uitwao Mbwera, na katika mji huo akatawala Sultani jina lake Badiri bin Shatri. Wako watakaokwambia mji huo haukuwako. Waache, mimi njia ya kwenda naijua, ila imeota nyasi.

Nyuma ya mji, pale nyumba zilipokwisha, palikuwa na ardhi nyeusi ya Sultani iliyopimwa kwa kamba ikakatwa ngwe, na kila asiye na shamba akapewa ngwe moja alime apate mboga. Upande huu ngwe za raia, upande ule bustani ya Sultani mwenyewe, na katikati kisima kimoja cha wote. Basi miongoni mwa raia hao alikuwako mtu akiitwa Ngwali, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa jembe, mke aitwaye Mize, na ulimi. Jembe lilikuwa na mpini mbovu, lakini ulimi haukuwa na hitilafu yoyote.

Na ngwe ya Ngwali ilikuwa ngwe. Mabiringani yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta, bamia zikiota mpaka uzichume kwa kurukaruka, matango ukiyakata maji yanakurukia usoni. Matikiti sitayaeleza, kwa kuwa mtu akieleza sana huambiwa muongo, na mimi sijapata kuambiwa. Bustani ya Sultani nayo ilikuwa na watumishi tele, huyu wa kufungua lango, huyu wa kulifunga, huyu wa kuwatazama hao wawili. Lakini matango yake yalikuwa machungu kama shubiri, na mpishi wa jumba akiyapika huku ameangalia pembeni.

Sasa sikilizeni habari ya joho, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Sultani Badiri hakuliweza joto. Kila kaskazi ikianza kuchoma, alipanda milimani kwenye ubaridi, akarudi mvua zikikaribia. Naye aliogopa asije akasahauliwa, basi akaweka sheria: kila lilipo joho langu, mimi nipo. Akiondoka, joho moja likabaki limetandikwa juu ya kiti cha enzi, nalo likifanyiwa yote anayofanyiwa mwenyewe. Asubuhi na jioni kiti kikamwagiwa maji miguuni, kwa kuwa Sultani hunawishwa miguu, mshika mwavuli akasimama nyuma yake, udi ukafukizwa, siwa ikapigwa, na asile mtu mbele yake kabla yeye hajala. Hata joho likianikwa uani baada ya kufuliwa, watu waliopita walipita kinyumenyume wasilipe mgongo. Dobi mmoja alilipigia chafya. Akalazwa akapigwa bakora mbele ya lile joho, na baada ya hapo akaambiwa alishukuru.

Ikawa siku moja, kaskazi inaanza, Sultani akala tango barazani akalitema. Akaagiza tango la Ngwali, akala, akalimaliza lote. Kisha akamwita mwenyewe, akamwuliza imekuwaje ardhi ni moja, kisima ni kimoja, na matango hayafanani.

Ngwali akasema, "Maulana, udongo ni ule ule na maji ni yale yale. Ila bustani yako ina watu, na ngwe yangu ina mtu."

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa. Ndevu zikatikisika. Sultani akaziona ndevu zikitikisika, na uso wake ukabadilika rangi.

"Ewe Ngwali," akasema, "kesho naenda milimani. Tangu leo kisima kile hakitoi tone ila kwa ajili yangu mimi. Nami nikirudi nataka tikiti la ngwe yako ambalo nikilikumbatia mikono yangu isikutane. Likikosekana, ngwe ni yangu, na wewe na mkeo mtatafuta mji mwingine wenye kupenda kuchekeshwa."

Ilikuwa ada ya Mbwera kwamba mtu akipewa amri nzito hupewa na ombi moja, asije akasema amedhulumiwa. Sultani akamwambia aombe lolote, ila si maji, wala watu, wala msamaha. Ngwali akakuna kisogo, akaomba joho moja la Sultani, kuukuu, lililoliwa na nondo.

"La nini?"

"Jua la kaskazi kali, Maulana."

Waziri akamnong'oneza Sultani kwamba atakayelivaa joho la mfalme amehalalisha shingo yake. Sultani akafurahi sana, akaamuru aletewe joho la kijani lenye tarizi za dhahabu, na kilemba chake, akamkabidhi kwa mkono wake, akamwambia, "Ukilivaa, kichwa chako utakibeba kapuni."

"Sitalivaa, Maulana. Mimi si mtu wa kuvaa."

Ngwali akarudi nyumbani. Mize alikwisha pata habari zote, maana habari mbaya ina miguu, na akampokea kwa kulitazama joho mkononi mwake. "Baba watu," akasema, "wenzio huomba roho zao. Weye umeomba nguo." Akamkumbusha kuwa wao hawana ndugu katika mji mwingine wowote, na kuwa mpapai ule wa pembeni aliupanda siku aliyoolewa. Ngwali akamwambia amshonee tundu la nondo kifuani, Sultani asipigwe na upepo. Mize akashona. Alishona kimya, na mwanamke akishona kimya ujue ana maneno.

Majirani nao hawakunyamaza, kwani kisima kilifungwa kwa wote. Walipita ngweni wakimwambia Ngwali ulimi wake umewakausha, na kwamba mti wa kwanza kufa utakatwa fimbo ya kumpigia. Mchicha ukalala. Bamia zikakunja majani. Kisimani akawekwa akida na askari wake. Akida huyo jina lake Mbarawa, mtu mrefu, mkali, mwaminifu, na ndiye aliyemshika dobi miguu siku ile ya bakora.

Basi Sultani alipokwisha kupanda milimani, Ngwali akafunga miti miwili msalaba, akaichimbia katikati ya matikiti, akaivisha joho, akaivika kilemba. Kisha akaenda kisimani, akatoa salamu, akamwambia akida kwa sauti ya chini kwamba Sultani amesimama juani na miguu yake mikavu.

Mbarawa akageuka. Akaliona joho, tarizi zikimetameta. Miguu ikaanza kumrudi kinyumenyume yenyewe.

"Ile ni miti, Ngwali."

"Na kule jumbani ni kiti, bwana akida."

"Sultani yuko jumbani, kwenye kiti."

"Mimi sikusoma. Ila nilisikia sheria ikisema kila lilipo joho. Haikusema joho jipya. Lakini wewe ndiwe mjuzi. Kama unaona leo Sultani aachwe na vumbi miguuni, mimi ni nani. Nitamwambia dobi nafasi yake imepata mtu."

Akida akafikiri. Jasho likamtoka, na si la jua. Amri inasema maji kwa ajili ya Sultani tu. Joho ni Sultani. Akimnyima maji amevunja sheria ya joho, na akimpa hajavunja amri ya kisima. Akaliangalia jambo hili kwa mbele na kwa nyuma, akaona pa kutokea ni mahali pamoja tu. Akachota ndoo, akainama, akaimwaga polepole kwenye mguu wa mti, na maji yakashuka yakaingia mashinani mwa tikiti. Ngwali akamwambia kwamba Sultani ana miguu miwili.

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Watumishi wa jumbani, waliochoka kupepea kiti, waliposikia Sultani yuko ngweni wakagawana: nusu wakabaki na kiti, nusu wakaja. Mshika mwavuli akasimama saa za jua kali, na miche michanga ikapata kivuli. Mfukiza udi akazungusha chetezo, na vidudu vilivyokaa chini ya majani ya biringani vikahama kwa heshima. Mpiga siwa akapuliza alfajiri, na ndege wote waliokuja kula nyanya wakarudi makwao. Askari wakalinda, na hakuna mbuzi aliyethubutu. Ngwali kazi yake ilikuwa kupalilia, kugeuza udongo, na kila kunapokucha kumchimbua Sultani akamchimbia pengine, akisema, "Leo ameamkia kwenye bamia."

Majirani wakaona. Yule aliyemtishia mti akaja jioni na sahani ya mbaazi, akakaa, akazungumza habari za dunia, hatimaye akauliza kwa adabu kama Sultani hana nia ya kuwazuru raia wengine. Ngwali akasema hilo ni la kuulizwa mwenyewe. Akasogea, akatega sikio kwenye kilemba, akarudi, akasema amekubali. Basi Sultani akaanza kutembea ngwe kwa ngwe, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akida nyuma yake na ndoo, mwavuli juu, siwa mbele. Wanawake wakampigia vigelegele. Tangu Mbwera iwe Mbwera hapakuwa na kaskazi ambayo Sultani alipendwa kama ile. Dobi peke yake hakutaka kumwona; lakini joho lilipofika ngweni kwake, na Mbarawa akaja na ndoo mbili akamwagia na kiazi chake kilichokuwa mbali na miguu ya mtu yeyote, akakubali naye.

Na tikiti la Ngwali, lile la katikati, likakua. Nilisema sitaeleza. Itoshe kuwa kuku alitagia kivulini mwake, akadhani ni ukuta.

Hata kaskazi ikachoka, mawingu yakaanza kupanda, Sultani Badiri akashuka kutoka milimani. Joto la njiani lilimfanya avue kila kitu cha heshima abakie na kikoi na fulana, amebeba viatu mkononi, koo limekauka. Alipokaribia mji alitazamia kuona ngwe zilizoungua. Akaona kijani. Akaona mwavuli wake mwenyewe juu ya matikiti, na chini ya mwavuli wake, mtu amevaa joho lake.

Akaingia kwa kasi. Akida Mbarawa akamjua, akapiga magoti. Kisha akalitazama joho, akaligeukia, nalo pia akalipigia magoti. Kisha akabaki katikati, hajui ampe nani mgongo.

Sultani akauliza nani aliyechota maji. Ngwali akatoka katika mabiringani, akapangusa mikono, akasema hakutoka tone ila kwa ajili yake, na akida ni shahidi, alinawishwa miguu asubuhi na jioni bila kukosa. Sultani akatazama miguu ya mti, safi kabisa, kisha akatazama miguu yake mwenyewe, imejaa vumbi. Akalikumbatia tikiti. Mikono haikukutana. Akajaribu upande wa pili. Haikukutana upande huo pia, na watu wote wa ngwe walikwisha kusanyika, na dobi alikuwa mbele.

Sultani akasema basi, likatwe, anakufa kiu.

Mize akaleta kisu. Tikiti likapasuka lenyewe kisu kilipoligusa, jekundu mpaka ukingoni. Ngwali akakata kipande cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akampelekea yule mti, akakiweka mbele ya joho. Kisha akakata cha pili, akampa Sultani, naye akakipeleka kinywani.

Akida akakohoa.

"Una nini?" akauliza Sultani.

Mbarawa akasema huku amefumba macho, "Asile mtu mbele ya joho kabla halijala. Ndiyo sheria, Maulana. Mimi mwenyewe nilimshika dobi miguu."

Maji ya tikiti yalikuwa yakimchuruzika Sultani viwikoni. Akalingoja joho. Joho halikula. Inzi mmoja akaja akatua kwenye kipande cha joho, akala yeye, na hakuna aliyemwambia neno. Kama joho ni Sultani, basi maji yalikuwa halali na ngwe ni ya Ngwali. Kama joho ni kitambaa, basi dobi alipigwa kwa ajili ya kitambaa, na hata kilicho jumbani juu ya kiti ni kitambaa. Sultani akawa anageuza macho kutoka tikiti hadi joho, na kutoka joho hadi kwa dobi.

Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ngwali, mvue."

"Nimvue nani, Maulana?"

Sultani akanyosha kidole. "Uivue miti hiyo kitambaa changu."

Ngwali akalivua joho, akalikung'uta, akalikunja. Ikabaki miti miwili, mmoja umeanza kuchipua majani. Sultani akayaona yale majani, na hapo ndipo kicheko kilipomshika. Alicheka akila, akala akicheka, mbegu zikamtoka puani, na wazee wa baraza, waliokuwa wamekuja kumlaki, wakacheka, safari hii bila kuinamisha vichwa. Alipokwisha kushiba alimwita dobi akamkatia kipande kwa mkono wake, akasema kimwondolee uchungu wa bakora zile, na tangu siku hiyo sheria ya joho ikafutwa na kisima kikawa cha wote. Ngwe akampa Ngwali iwe yake na ya wanawe. Akamwambia aongeze ombi jingine, lolote.

Ngwali akaomba arudishiwe joho, kwa kuwa kunguru wamekwisha kuzoea kuliheshimu.

Basi Sultani akarudi jumbani na kikoi chake. Wasemao wanasema kaskazi iliyofuata hakupanda milimani. Alionekana katika bustani yake na jembe, watumishi wamekaa ukutani hawana la kufanya, na matango yake hayakuwa machungu tena. Mpishi alipoulizwa sababu alisema bustani imepata mtu.

Mimi mbegu za tikiti lile ninazo, nimezifunga pembeni mwa kitambaa cha kijani chenye tundu la nondo lililoshonwa vizuri sana. Asiyeamini na aje azipande, ila aje na maji yake.