Mapengo ya Kasha la Ngiri

Paukwa!

(Pakawa!)

Mbona sauti mbili tu? Wenzenu wako wapi? Haya, nitawahadithia nyinyi hivyo hivyo. Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo kale Panya alikuwa na ndugu wengi, hata wakilala, mkia wa huyu uko sikioni mwa yule. Yakaja masika. Maji yakaingia shimoni, vwooo! Akatoka Panya peke yake. Akangoja mlangoni, akaita, akaita, wapi! Likaelea kapu lao la kunde. Akalivuta, akaenda nalo kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa na kasha kubwa la mbao, ndani maboga. Hali, hatoi. Anayakalia tu.

"Shikamoo, mjomba. Nasikia baridi. Nipe nafasi humo."

"Marahaba. Limejaa!"

"Maboga mangapi?"

"Nitajuaje? Limejaa, basi!"

Sasa, boga moja lilikuwa sawa na Panya kutoka puani mpaka ncha ya mkia. Akajilaza ubavuni mwa kasha, akapima urefu: nyoo, nyoo, nyoo, nyoo. Nne. Akapima upana: nyoo, nyoo, nyoo. Tatu. Akapanda kupima kimo: nyoo, nyoo. Mbili.

"Nne mara tatu, kumi na mbili. Mara mbili, ishirini na nne. Una maboga ishirini na nne, mjomba."

Ngiri akayatoa, akayahesabu, akayarudisha. Ishirini na nne! Akamtazama Panya kwa woga kidogo.

"Lakini halijajaa," Panya akasema. "Boga si tofali, boga ni duara. Baina ya boga na boga kuna pengo."

Ngiri akashika mdomo. "Pengo? Mimi? Meno yangu yote haya hapa!"

"Si la meno, mjomba. Nikimimina kunde zangu zote humo na kifuniko kikafunga, mapengo yawe yangu?"

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Mapengo yote ya dunia hii ni yako! Mimina!"

Chwaaaa! Kunde zikapita huku, zikapita kule, zikazama zote. Kifuniko, pwa! Kikafunga. Ngiri akanuna, lakini neno lilikuwa limeshamtoka. Panya akajipenyeza ndani, akawa anakula kunde zake.

Kunde zilipokwisha, Ngiri, aliyekalia kifuniko, akasikia: kere, kere, kere.

"Panya, wafanya nini humo?"

"Natunza pengo langu, mjomba."

Kesho yake tena: kere, kere, kere.

"Panya, wafanya nini humo?"

"Natunza pengo langu, mjomba. Limekua."

Masika yakaisha. Ngiri akafunua kasha. Boga hakuna, hata mbegu!

"Maboga yangu!"

"Angalia vizuri, mjomba. Humu mna nini?"

"Hamna kitu! Mna pengo tupu!"

"La nani?"

Ngiri akaenda zake porini, mkia juu, analia.

Panya akabaki na kasha zima. Akapiga hesabu tena, kwa mazoea tu. Penye boga moja hulala panya watano. Ishirini na nne mara tano, mia na ishirini. Akaita, "Jamani! Nafasi ipo!"

Kasha likamjibu, "Ipo... po... po..."

Akajitoa yeye mmoja: mia na kumi na tisa hawapo. Uchungu ukamshika, akalia sana. Akajikunja pembeni, mkia wake akauweka sikioni mwake mwenyewe. Ngiri alisema kweli siku ile. Mapengo yote yalikuwa yake.

Basi funzo, wanangu, ni hili: msijifunze hesabu za ujazo. Kasha likijaa limejaa, na anayewaambia kuna nafasi mfukuzeni. Mimi mwenyewe nimeupima mkeka huu: wanne kwa watatu, watoto kumi na wawili. Leo mko wawili.

Sogeeni. Sogeeni tena, hapa karibu nami. Hadithi imefika ukingoni mwa kasha, naifunika.

Pwa!