Kivuli cha Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Kaondoka Jua, kakaa Kivuli. Kaondoka Kivuli, kakaa nani?

Tuambie!

Nitawaambia, ila kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, shikilia kigoda chako. Hadithi hii imeshaangusha watu.

Hapo kale, huko milimani ambako jua likiamua kuwaka linawaka kwelikweli, waliishi majirani wawili, wametengwa na wigo tu. Huyu Nakijwa, mama yake Mbazi. Yule Nanzota, mama yake Mrindoko. Wote wajane. Wote na mtoto mmoja wa kiume. Wote na uwanja mtupu mbele ya nyumba, hauna hata jani.

Siku moja wakaenda msituni pamoja, kila mmoja atafute kitu cha kupanda katikati ya uwanja wake. Nanzota akang'oa mche wa mringaringa, ule mti wa kwao wenye majani mapana. Mche wenyewe haukuzidi kidole. Nakijwa akachimba ua la porini, jekundu juu, manjano chini, linatambaa na kupanda juu ya chochote linachokikuta. Watu wa huko waliliita ndimi za moto.

"Jirani," akasema Nakijwa njiani, "hicho kijiti utakaa chini yake lini?"

"Nisipokaa mimi, atakaa mwanangu. Na hilo ua lako, litakufunika nini?"

"Litanilisha macho, mwenzangu. Macho nayo yana njaa."

Hakukosea! Masika ya kwanza ua likalipuka. Wapita njia wakasimama, wenye mizigo wakaitua. Nakijwa akachungulia kwa Nanzota akacheka.

"Jirani! Umepanda mti au umepanda fimbo? Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua!"

Nanzota akachota maji, akaumwagilia mti wake.

Masika ya tatu ua likalipuka tena. Nakijwa akachungulia. "Jirani! Umepanda mti au umepanda mchi?"

Nanzota akachota maji, akamwagilia.

Masika ya saba ua likalipuka kama kawaida yake. Nakijwa akachungulia. Safari hii hakusema kitu. Kuku wote wa Nanzota walikuwa wamelala kivulini, na hata kuku wake Nakijwa walikuwemo humo!

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo Mbazi akapenda. Akapenda mpaka mizinga yake ya nyuki ikamsahau sura. Binti mwenyewe Namkunda, bintiye Mzee Kiondo wa mlima wa pili, na Namkunda naye kasema ndiyo. Ikabaki kitu kimoja tu, wakwe waje kuiona nyumba. Na huko ilisemwa hivi: wakwe hukalishwa kivulini, na kivuli kiwe cha mti uliopandwa na nyumba hiyohiyo. Kivuli cha kuazima hakiozi mtoto. Nakijwa aliyasikia hayo tangu utotoni, hakuwahi kuuliza yalitoka wapi.

Ujumbe ukafika: "Tunakuja keshokutwa."

Nakijwa akatoka uwanjani, akalitazama ua. Likamtazama. Miaka saba alikuwa amelisha macho, na sasa mwanawe atakosa mke kwa sababu ya macho ya mamaye. Aliona aibu, aliona hofu, na vyote viwili vilimpanda kichwani kwa pamoja.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Nakijwa zilikuwa nyingi, zikamziba macho.

Siku ya ugeni, kumepambazuka, Mbazi akaenda kuwapokea wageni njiani. Nanzota na mwanawe wakaenda shambani. Nakijwa akashika panga, akavuka wigo. Akachagua tawi nene kuliko yote, refu, limejaa majani. Kacha! Kacha! Kacha! Akaliburuta mpaka kwake. Akachukua jembe, akaling'oa ua lake na viazi vyake vyote vya chini, akalitupa jalalani karibu na wigo. Akalisimika tawi katika shimo lilelile, akafukia, akakanyaga, akamwagia maji, akafagia. Mwenyewe akajisifu.

Mnaguna? Ngojeni kwanza.

Wageni wakaja. Mzee Kiondo mbele, mjomba katikati, shangazi nyuma. Mbazi alipoingia uwanjani akasimama, macho yamemtoka.

"Mama! Huu m..."

"Nyamaza, mwanangu, wakaribishe wageni. Karibuni wakwe! Karibuni kivulini! Mti wetu wenyewe huu, nimeulea kwa mikono hii miwili!"

Vigoda vikawekwa. Chungu cha dengelua kikaletwa, pombe ya miwa, imechachuka vizuri. Wageni wakakaa, mazungumzo yakaanza, na Nakijwa akashusha pumzi.

Na jua? Jua nalo likakaa. Masika yalikuwa yamekatika siku tatu, mawingu hayapo.

Kidogo tu, Mzee Kiondo akasogeza kigoda chake. "Mkwe, naona kivuli kimehama."

"Jua ndilo limehama, mkwe wangu! Kunywa, kunywa."

Kidogo tena, mjomba akasogeza chake. "Mama Mbazi, kivuli kinapungua."

"Macho ya safari hayo, mjomba. Kunywa."

Kidogo tena, shangazi akasogea, magoti ya shangazi yakagongana na ya mjomba, ya mjomba yakagongana na ya Mzee Kiondo. Wakwe watatu, wazima na heshima zao, wamebanana mahali pa kukalia kuku mmoja! Wakainua macho. Yarabi! Majani yalikuwa yamelala chini, kila moja limekunjamana, yanazidi kukunjamana huku wanayatazama.

"Mti wako unaumwa?" akauliza shangazi.

"Unasinzia," akasema Nakijwa. "Ndiyo tabia yake mchana."

Njia ya mwongo ni fupi, nyie! Shangazi, mama wa watu, miguu imekufa ganzi, akaushika mti ili ainuke. Mti ukainuka naye. Ukatoka wote, pwaa! Ukaangukia chungu, chungu kikapasuka, dengelua ikawaogesha wakwe kuanzia kifuani. Na ncha ya mti ikabaki juu kwa kila mtu kuiona: imechongwa na panga, nyeupe, haina hata uzi wa mzizi.

Shangazi kaushika mti mkononi, haelewi auweke wapi. Mjomba kafumba mdomo kwa kiganja. Nakijwa mwenyewe alipigwa na butwaa kuliko wote, maana alikuwa amesema "mti wetu" mara nyingi hata akaanza kuamini.

Mara sauti ikatoka ng'ambo ya wigo.

"Uwiii! Nani kanikatia mti wangu? Miaka saba! Nani mkono wake umekauka utu?"

Nanzota alikuwa amerudi kutoka shambani. Akachungulia wigoni, akaliona tawi mikononi mwa shangazi, akamwona jirani yake.

Mzee Kiondo akajipangusa ndevu, akainuka taratibu. "Mkwe," akasema, "shimo hili lilikuwa na nini jana?"

Nakijwa akanyoosha kidole jalalani. Pale juu ya maganda na majivu lilikuwa ua, mizizi juu, na bado limechanua.

Mzee akalitazama. "Mimi nilipooa," akasema, "mama yangu hakuwa na mti. Alikuwa na mtambao wa maboga. Wakwe walipofika akawaambia, wakwe zangu, jua ni kali na mti sina. Wakajifunika kaniki, wakanywa juani, wakanipa mke. Ua lako lilikuwa na mizizi, Mama Mbazi. Ningekaa kando yake. Lakini wewe umenikalisha chini ya panga, na mwanangu sitamkalisha hapo."

Wakaondoka. Walipofika njiani, wamelowa na wanaungua jua, Nanzota akawaita kivulini kwake. Mti wake bado ulikuwa unatoka maji pale palipokatwa. Mrindoko akawaletea maji ya kunawa.

Mbazi alibaki uwanjani. Hakumgombeza mamaye. Aling'ata mdomo, kisha akasema maneno machache.

"Mama, ningeoa juani."

Mama weee! Nakijwa akaketi chini palepale, kwenye dengelua na vigae.

Masika yaliyofuata Namkunda akaolewa. Na Mrindoko. Ndiyo, na Mrindoko! Msinikodolee macho mimi, ndivyo ilivyokuwa. Mbazi akahamisha mizinga yake mlima wa tatu, akawa haji nyumbani ila kwa msimu.

Nakijwa naye hakupanda tena kitu. Lile ua alilolitupa hakulitazama. Lakini ua la ndimi za moto haliombi ruhusa. Viazi vyake vilijificha jalalani vikangoja mvua. Mvua ya kwanza likachipua, ya pili likavuka wigo, ya tatu likaukwea mringaringa wa Nanzota mpaka lile kovu la panga. Hapo likachanua, jekundu juu, manjano chini, kovu halionekani.

Asubuhi moja Namkunda alikuwa anafagia chini ya mti, mtoto mgongoni. Habari ya panga aliisikia kwa babaye, ya ua hakuambiwa. Akainua macho, akashangaa, akaita ng'ambo ya wigo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu."

"Ua hili zuri nani kalipanda?"

Nakijwa akataka kusema hajui. Neno likafika ulimini, likamshinda.

"Mimi," akasema. "Nililipanda kwangu. Kisha nikaling'oa."

"Eh! Mbona ukaling'oa, mama?"

Nakijwa akafungua mdomo. Akamtazama mtoto aliye mgongoni, alivyolala kivulini. Mdomo ukabaki wazi.

Na mimi nilipopita nilimkuta hivyohivyo. Hadithi yangu nimeipanda hapa. Ikiota, kaeni kivulini mwake. Ikinyauka, msiseme mti umesinzia: nirudishieni mwenyewe.