Huyu Dada Mlimpata Wapi?

Palikuwa na bwana mmoja, afisa elimu, tena mzee wa kanisa. Jumapili moja baada ya ibada aliwaalika wageni nyumbani. Walipokwisha kula aliwawekea filamu ya Kitamil, ya zile ambazo mtu wetu husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Binti amefiwa na wazazi, amebaki na mdogo wake wa kiume. Anaacha shule, anafanya kazi katika kiwanda cha viberiti, anawakataa wachumba watatu, mpaka mdogo wake anasoma na kuwa hakimu. Kijana anamwita "akka", na msimulizi akafafanua kwamba akka maana yake ni dada mkubwa.

Sebule nzima ililia, na mwenye nyumba alilia kuliko wote. Alivua miwani, akafuta macho, akawaambia wageni kwamba filamu za namna hii zinatufundisha utu.

Wakati huo mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliingia na sinia la chai. Watoto wa nyumba ile walimwita dada. Mama mwenye nyumba alimwita dada. Bwana naye alimwita dada. Mgeni mmoja, mama mcheshi asiye na ubaya, alionja chai, akaisifu.

"Jamani, huyu dada mlimpata wapi? Wangu mimi anaunguza hata maji."

Watu wakacheka. Yule bwana akajibu, "Alitoka kijijini kwetu."

Mwanamke akaliweka sinia mezani.

"Mama, mimi sikuokotwa," alimwambia mgeni bila kupandisha sauti. "Mimi na huyu anayelia tumenyonya ziwa moja. Mama yetu alipofariki, nilibeba maji ya mafundi ujenzi, ndoo kwa ndoo, mpaka huyu akamaliza chuo." Kisha akamgeukia ndugu yake. "Waambie mimi ni nani."

Kwenye runinga hakimu alikuwa amepiga magoti, anagusa miguu ya dada yake. Yule bwana aliitazama runinga. Hakumtazama mwanamke.

"Dada," alisema, "chai ya wageni inapoa."

Mmesikia alivyomwita? Ndugu zangu, bwana huyu hakusema uongo hata mara moja. Kweli alitoka kijijini kwao. Kweli ni dada. Kwetu dada ni mtoto wa mama yako, na dada ni yule uliyemwajiri akuoshee vyombo. Neno ni moja, na yeye alijificha ndani yake miaka yote tisa ambayo dada yake alimtumikia nyumbani. Kama hakukusudia, kwa nini watoto wake hawakufundishwa kumwita shangazi?

Yule mwanamke alifungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaiacha juu ya kiti, akatoka. Wageni walijimiminia chai wenyewe.

Na sisi tuliokaa hapa kanisani tumevaa vizuri tusimcheke. Tunalia kwa ajili ya akka wa kwenye filamu kwa sababu yeye hatuombi sisi chochote. Hahitaji chumba kwetu. Haji mezani na mikono iliyokomaa kwa kazi mbele ya wakubwa zetu wa ofisini. Filamu ikiisha, tunazima. Lakini aliyetubeba mgongoni tunamwonea aibu, tunampa ufagio, halafu tunasimama hapa kushuhudia jinsi Mungu alivyotuinua. Mungu alituinua kwa mikono ya nani? Mbona jina lake halimo katika ushuhuda wetu?

Mimi nilimzika mke wangu mwezi wa tatu. Siku ile nilimsifu kwa kirefu, na watu waliniambia nilisema vizuri. Yeye hakusikia hata neno moja. Kwa hiyo sitawaambia kwamba muda bado upo. Sijui kama upo.

Mchana huu, kabla ya kunawa mikono, tuangalie ni nani anayekula jikoni peke yake. Tumwite aje mezani, tuwaambie watoto wetu jina lake, na kwamba ni shangazi yao, na alifanya nini ili wao wapate nyumba ya kulala. Tuseme mbele ya wageni, siyo chumbani. Na kama tunaona aibu kusema hivyo, basi tusije tena hapa kulia.