Mpira wa Tumpe Uliovuka Bonde

Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, funga mdomo, maana hii si ya kuchekesha.

Palikuwa na wanaume watatu huko Rungwe, kwenye mashamba ya chai, kazi yao kubeba mikoba ya wacheza gofu. Asajile alijaliwa masikio. Gwakisa alijaliwa macho. Lusekelo alijaliwa viganja. Akikushika mkono tu anajua una wasiwasi kiasi gani. Walikula sahani moja tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Basi klabu yao ya gofu ikanunua vigari vya betri vya kubebea mikoba. Meneja akawaita. "Nafasi imebaki moja. Mnamjua Tumpe, karani mpya wa kiwandani? Atakayemwezesha kuvusha mpira lile bonde, huyo abaki. Jumamosi nakuja kuangalia."

Jamani! Tumpe alikuwa ameanza gofu juzijuzi tu. Pale pa kuanzia, mbele yake kuna bonde, na kila mpira aliopiga uliishia humo. Alipiga kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyozidisha nguvu ndivyo mpira ulivyoanguka karibu. Jumamosi ilipofika alikuwa amekaa kwenye nyasi analia. "Kaka zangu, niacheni. Mnapoteza muda wenu bure kwangu, na kazi itawaponyoka."

Asajile akamwinua. "Dada, igeuze fimbo, shika upande wa kichwa, uipunge tuisikie." Fimbo ikavuma. "Umesikia? Inavumia juu, begani. Nguvu zako zinaishia hewani. Anza taratibu, mvumo uje pale mpira ulipo." Tumpe akapiga. Mpira ukaondoka kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, lakini chinichini, ukatumbukia bondeni.

Gwakisa akachuchumaa. "Mpira umeuweka karibu na mguu wa kulia, na kijiti kinachoubeba umekididimiza mno ardhini. Unaugonga kwa juu, utapaaje?" Akapandisha kijiti, akausogeza mpira usawa wa kisigino cha kushoto. Safari hii ukapaa, wakaanza kushangilia. Halafu ukapinda kulia, ukaangukia ukingoni, ukabiringika ukarudi chini. Tumpe akaitupa fimbo.

Lusekelo akaiokota, akampa, kisha akajaribu kuichomoa mikononi mwake. Haikusogea. "Loo, ndivyo ulivyoikaba? Ishike kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Asikuponyoke, na usimuumize."

Tumpe akapumua. Akapiga. Mpira ukapaa, ukanyooka, ukalivuka bonde, ukatua ng'ambo. Tumpe akapiga vigelegele, akawakumbatia wote watatu, na kwa kitambo kidogo wakasahau kilichowaleta pale.

Meneja, aliyekuwa akiangalia pembeni, hakusahau. "Nimeona. Haya, taja mmoja."

"Bosi, wote wamenisaidia."

"Taja mmoja. Ukishindwa, kuanzia kesho wote hawana kazi."

Asajile akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyeanza." Gwakisa akasema mpira usingepaa kamwe bila yeye. Lusekelo akasema, "Lakini ulivuka kwangu." Ndiyo ikawa mara ya kwanza kuwasikia wakigombana, na inaniuma hata kuwasimulia. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni. Tumpe machozi yakamrudia, akatamani mpira ule ungebaki bondeni.

Msiniulize nani ana watoto wengi. Wote wana watoto, na kwingine kazi hakuna. Wala msiniambie wapokezane zamu. Waliomba, Meneja akakataa.

Sasa semeni nyinyi. Anza wewe uliyekuwa unacheka huko nyuma: ungekuwa Tumpe, ungemtaja nani? Na wale wawili, ungewaambiaje?