Zimwi Lililorukwa

Kaa chini, simu weka pembeni, sikiliza.

Kitwana alikuwa anamsomea bintiye Sikudhani kitabu kilekile cha hadithi kila jioni. Ila ukurasa wa zimwi ulikuwa mrefu, basi akauruka.

"Baba, umeruka!"

"Sijaruka, we lala."

Kesho yake akauruka tena. Siku ya tatu anataka kuruka, zimwi likatoa mkono kitabuni, likamvuta Sikudhani ndani, nje ikabaki miguu tu.

"Kila siku mimi tu unaniruka! Nisome, la sivyo namla!"

Kitwana akasoma, jasho linamtoka. Kila mstari, mtoto anatoka kidogo, mpaka akatoka mzima, anacheka.

"Tena, baba!"

Na zimwi humo ndani: "Tena!"

Haya, wewe hapo usingizi umekubana, utasoma au utaruka?